Shemeji asema Egerton ni chuo cha mabwana shamba. Niuze ploti nimpeleke binti ng'ambo?

SWALI: Nina miaka 54, nakaa Bahati, Nakuru. Binti yangu amepata nafasi Egerton, kozi ya Uchumi wa Kilimo. Nilifurahi sana, mpaka shemeji yangu wa Nairobi aliponiambia kwamba hicho ni chuo cha mabwana shamba tu, kwamba kwenye orodha za vyuo bora duniani hukioni hata ukivaa miwani, na kwamba digrii yake ukivuka Namanga haina kazi. Ananishauri niuze ploti yangu nimpeleke binti chuo fulani cha ng'ambo alichokiona mtandaoni. Mama yake hataki kusikia. Mimi niko katikati. Egerton ni chuo cha namna gani hasa, na huko nje kinajulikana?

JIBU: Ndugu yangu wa Bahati, rudisha hati ya ploti kabatini kwanza, kisha tuzungumze.

Shemeji yako amesema mambo matatu. La kwanza ni kweli tupu: Egerton ni chuo cha mabwana shamba. Alichokosea ni ile sauti ya dharau aliyolisemea. La pili lina ukweli kiasi, lakini halimaanishi anachodhani. La tatu si kweli.

Twende Njoro ya zamani kidogo. Mwaka 1939 mlowezi Mwingereza, Maurice Egerton, aliyekuwa na cheo cha Baron wa nne wa Tatton, alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kilimo. Ilikuwa shule ya vijana wa Kizungu peke yao, wale waliotarajiwa kuja kulima nyanda za juu ambako Mwafrika aliruhusiwa kuishi kama kibarua tu. Mwaka 1950 shule ikapandishwa hadhi, ikaanza kutoa cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili, na mwaka 1955 ikaitwa Egerton Agricultural College. Bwana huyo baadaye aliongeza ekari nyingine 1,100. Alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na cheo chake cha ubwana kikafa naye.

Watu wengi wa Nakuru wakisikia Egerton wanafikiria kasri la mawe kule Ngata, lililoanza kujengwa 1938 likamalizika 1954. Hadithi ya mwanamke aliyemkataa, na jinsi alivyowapiga wanawake marufuku kukanyaga kwake, umeisikia. Kila dereva wa matatu ana yake, na mimi sitaitia chumvi. Kasri hilo si kampasi, lakini ni mali ya chuo. Na chuo kinachobeba jina la bwana yule kilikuja kuongozwa na mwanamke, Profesa Rose Mwonya, aliyekuwa naibu chansela wake wa kwanza wa kike. Binti yako akiuliza, mwambie hilo kwanza.

Historia inayokuhusu wewe inaanza pale milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote, Wakenya na Waafrika wa nchi nyingine. Mkuu wa kwanza Mwafrika alikuwa Dkt. William Odongo Omamo, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo. Katika miaka hiyo digrii ya kilimo ilikuwa mambo ya Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi. Njoro kazi yake ilikuwa kutoa stashahada, yaani kuandaa watu wa kuvaa gambuti na kuingia mashambani. Mbegu chotara ya mahindi ilipotoka Kitale mwaka 1964, haikujipeleka yenyewe kwa wakulima. Yule afisa aliyekuja kwa babako na pikipiki, akapima nafasi ya mashimo kwa kamba, huenda kabisa alifundishwa Njoro. Kazi hiyo ilibadilisha vyakula vya nchi hii, lakini hakuna jarida lililoichapisha, na hapo ndipo kuna kiini cha jibu langu. Lishike, tutalirudia.

Chuo kikuu chenyewe ni kichanga kuliko unavyodhani. Tangu 1970 Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilipendekeza kijengwe cha pili, na ndiyo ikazaa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 pale karibu na Eldoret, kikaanza na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Kenyatta kikafuata 1985. Njoro nako, serikali pamoja na shirika la Marekani la USAID walikuwa wameanza kugharamia upanuzi mkubwa tangu 1979. Mwaka 1986 Egerton ikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 Bunge likapitisha sheria ya kuifanya chuo kikuu kamili.

Sasa angalia mwaka huo. Ni wakati uleule serikali ilipokuwa ikiwaingiza wanafunzi wa miaka miwili kwa mkupuo, kwa sababu ya mrundiko uliotokana na vyuo kufungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 1990 mkupuo mwingine ukaja, wale wa mwisho wa kidato cha sita wakikutana mlangoni na wale wa kwanza wa mfumo mpya wa 8-4-4. Chuo kilichozoea kufundisha watu wachache kukamua ng'ombe na kupima udongo kikaambiwa kipokee walimu, wanasayansi, watu wa fasihi, na baadaye madaktari na wanasheria. Kikazaa hata vyuo vingine: Laikipia, Chuka na Kisii, vyote vilivyopewa hati zao za kujitegemea mwaka 2013, vilikuwa chini ya Egerton. Kwa hiyo ukiniuliza kama Egerton ni nzuri, nitakuuliza: Egerton ipi? Kuna ile yenye mizizi ya tangu 1939, ya kilimo, mifugo, uchumi wa mashamba na maji, na kuna ile iliyojengwa mbiombio na wanafunzi wako mlangoni. Binti yako ameitwa kwenye ile ya kwanza.

Hizo orodha za dunia, ndugu yangu, zina umri mdogo kuliko binti zetu wakubwa. Ile ya Shanghai ilianza 2003, na miongoni mwa vitu inavyohesabu ni tuzo za Nobel za waliosoma na wanaofundisha hapo. Ile ya Times Higher Education haikuangalii kabisa mpaka chuo chako kiwe kimechapisha makala kama 1,000 ya utafiti ndani ya miaka mitano. Ile ya QS inawauliza maprofesa na waajiri duniani vyuo gani wanaviheshimu, nao hujibu majina waliyozoea kuyasikia. Hizi ni mizani za kupimia viwanda vya makala. Ukimpandisha juu yake afisa aliyewafundisha wakulima wa Molo kuokoa viazi na ukungu wa baridi, sindano haisogei. Egerton ilitumia karibu miaka 50 ya kwanza ikifanya kazi ambayo mizani hii haina pahali pa kuiweka.

Tena mara nyingi orodha inayosambaa kwenye magazeti yetu kila Januari na Julai ni ya Webometrics, ambayo hutengenezwa Uhispania. Hiyo nusu nzima ya alama zake hutoka kwenye tovuti: ni kurasa ngapi za nje zinazounganisha na tovuti ya chuo. Sisemi haina maana. Nasema usiuze ploti kwa sababu tovuti ya jirani ina viungo vingi. Hata hivyo shemeji asionekane mjinga: uhaba wa makala ni udhaifu wa kweli, kwa Egerton na kwa karibu kila chuo cha umma hapa nchini, na unatokana na fedha za utafiti kuwa chache na wahadhiri kufundisha madarasa yaliyofurika.

Je, nje kinajulikana? Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linalomhusu binti.

Egerton ina taasisi inayoitwa Tegemeo, ya sera za kilimo. Watu wake walianza mwaka 1997 kuzungukia kaya takribani 1,500 za wakulima nchini, na wakawa wanarudi kwa kaya zilezile, 2000, 2004, 2007, 2010, wakiuliza: ulipanda mbegu gani, mbolea ulinunua wapi, uliuza gunia kwa bei gani. Walishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan State. Inaonekana kazi ya kawaida, kalamu na dodoso, lakini takwimu za kufuatilia watu walewale kwa zaidi ya mwongo mmoja ni adimu sana Afrika. Wachumi wa mbali wakazikimbilia. Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha MIT, alizitumia kueleza kwa nini baadhi ya wakulima wetu hawatumii mbegu chotara hata pale zinapoonekana kuongeza mavuno. Kazi hiyo ilitoka 2011 katika Econometrica, jarida ambalo mchumi akichapisha humo hata mara moja wenzake humpisha mlangoni. Kwa ufupi, sehemu ya uchumi wa kilimo inayofundishwa Marekani imesimama juu ya majibu ya wakulima wetu, yaliyokusanywa na taasisi ya chuo hiki. Na binti anakwenda kusomea somo hilohilo. Shemeji aulizwe: ni chuo gani cha mtandaoni kina kitu kama hicho?

Kuna na mto. Mto Njoro unatoka Mau, unapita kando ya chuo, unaishia Ziwa Nakuru. Wahadhiri wa Egerton wameusoma mto huo miaka mingi, wakati mwingine pamoja na vyuo vya Marekani kama Wyoming na California Davis, wakifuatilia misitu inavyokatwa na maji yanavyopungua. Kutokana na ujuzi huo wa maji na vinamasi, chuo kikaingia katika shahada ya uzamili ya pamoja na BOKU cha Vienna na taasisi ya IHE ya Delft, Uholanzi: mwanafunzi anasoma muhula kule na muhula huku. Vijana wa Ulaya wamefika Njoro kujifunza maziwa na mito kwa watu wetu. Hiyo ndiyo heshima ya kimataifa ninayoijua mimi. Haina nambari ubavuni.

Tena sikiliza hili. Benki ya Dunia ilipoanzisha mpango wake wa vituo vya umahiri katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na Kusini mwaka 2016, vituo 24 katika nchi nane, Kenya ilipata vitatu. Kimoja Egerton, cha kilimo endelevu na biashara ya kilimo. Kimoja Moi, cha dawa za mimea, nguo na nishati. Kimoja Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, cha wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Kumbikumbi wakaingia maabara. Nairobi haikupata hata kimoja. Waliochagua hawakuangalia nani yuko karibu na Uhuru Highway.

Jirani wa Egerton ni kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali, KALRO Njoro. Kutu ya shina la ngano iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini, hata Norman Borlaug, yule mshindi wa Nobel wa 1970, alipiga mbiu kwamba ngano ya dunia iko hatarini. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikileta ngano zao zipandwe Njoro, ziambukizwe makusudi, ionekane ipi itasimama. Kituo hicho si mali ya chuo, nisikudanganye, lakini wanafunzi wa Egerton wamekuwa wakifanyia utafiti wao pale. Na chuo chenyewe kimetoa mbegu zake za maharagwe, zikiwemo Chelalang, Ciankui na Tasha. Halafu kuna yogati ya Guildford, inayotengenezwa chuoni hapohapo. Hiyo haimo kwenye orodha yoyote duniani, na mimi sijui Nakuru ingekuwaje bila hiyo.

Upande wa pili sitauficha. Vyuo vyetu vya umma vina madeni, migomo ya wahadhiri imekuwa kama msimu wa mvua, na digrii ya miaka minne inaweza kumalizika mwaka wa tano. Ilifika wakati bodi ya wahandisi ilikataa kuwasajili wahitimu wa baadhi ya vyuo hivyo. Hilo halimgusi mchumi wa kilimo, lakini mzazi wa mtoto anayesomea uhandisi, udaktari, sheria au mifugo lazima aulize kwanza kama kozi imekubaliwa na bodi ya taaluma hiyo, kwa maana hati ya chuo peke yake haimtoshi. Na kuna suala la matokeo. Katika miaka yangu ya kushauri wanafunzi, niliwahi kumwona kijana aliyepata ufadhili wa Ulaya akaukosa kwa sababu chuo chake, sitakitaja, kilichukua miezi kumtolea nakala rasmi ya alama zake. Hakuna orodha ya ubora inayopima hilo. Mwambie binti, siku ya mahafali asihangaike na picha tu. Aombe nakala zake, nyingi.

Kuhusu Namanga, Egerton imeanzishwa kwa sheria ya Bunge na iko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Mwaka 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, kwa lengo kwamba vyeti vitambulike kutoka nchi hadi nchi. Mbali zaidi, Ujerumani wanaangalia kanzidata yao ya Anabin, Uingereza wana UK ENIC, na wanaoenda Kanada na Marekani wengi hupitia WES, shirika la kupima vyeti vya nje. Swali la kwanza la wote hao huwa: chuo hiki kimetambuliwa na nchi yake? Kisha wanapima kozi na alama. Nafasi ya chuo kwenye orodha ya dunia si kigezo cha kusema digrii ni halali au la. Ziko nchi chache ambazo viza fulani za kazi huangalia orodha hizo, lakini hiyo ni habari ya mtu mmoja kati ya wengi.

Hicho chuo cha mtandaoni kinanitia wasiwasi zaidi kuliko Egerton. Kabla ya kutoa hata shilingi, andikieni CUE muulize kama digrii yake itatambuliwa Kenya, maana wao ndio wanaolinganisha vyeti vya nje. Pia muulize shemeji, kwa upole, amekipataje. Mawakala wengi hulipwa na vyuo kwa kila kichwa wanachopeleka. Simshuku shemeji, pengine yeye mwenyewe ameuziwa maneno.

Maoni yangu ni haya: digrii ya kwanza asome hapa, ya pili ndiyo atoke. Kwenye digrii ya kwanza ng'ambo, anayelipa ni ploti yako. Kwenye uzamili wapo wanaolipa: DAAD ya Ujerumani, Chevening na Commonwealth za Uingereza, na wengineo. Egerton imekuwa pia katika mpango wa pamoja wa uzamili wa uchumi wa kilimo barani, ambao wanafunzi wake wamekwenda Chuo Kikuu cha Pretoria kusomea masomo ya ziada. Wanaochagua wa kufadhiliwa huangalia alama, na mara nyingi daraja la pili la juu ndilo kizingiti. Huangalia barua za wahadhiri wanaomjua mwombaji kwa jina, na kitu alichofanya kwa mikono yake. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa pili ajifunze takwimu na programu zake mpaka zimtii, hata kama wenzake wanazikimbia, na muda wa mafunzo ya kazini ukifika abishe hodi Tegemeo mapema, si wiki ya mwisho.

Kabla ya kufungua chuo, chukueni siku moja ya kazi, wewe, mama yake na binti. Pandeni matatu ya Njoro mshuke getini. Ulizeni idara ya uchumi wa kilimo iko wapi, msome mbao za matangazo: kuna mradi gani, nani anatafuta msaidizi wa utafiti, mhadhiri gani ana shahada ya uzamivu na ya kutoka wapi. Saa moja hapo itawaambia mengi kuliko jibu langu. Mkirudi, pitieni sokoni mnunue sweta nzito mbili. Chuo kiko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na Julai ya Njoro, mtoto wa Bahati atadhani anaijua baridi.